Jicho Halifumbwi Bure

Waingereza wana maneno mengi ya kuvunja sheria kuliko sisi, na sisi ndio tunaokamatwa. Niliwaza hivyo msimu ule ziwa lilipofungwa, nilipofungua kitabu changu cha kufundishia na kukuta ukurasa mzima: kukamatwa na mikono myekundu, kuingia ndani ya maji moto, kupinda sheria bila kuivunja, kutembea juu ya barafu nyembamba, kutupiwa kitabu na hakimu, kumgeuzia mkosaji jicho lililopofuka. Nilicheka peke yangu. Aliyetunga haya yote, nikasema, hajawahi kusimamishwa na askari kwenye bariera ya kupanda Fizi. Pale mtu hapati nafasi ya misemo.

Nafundisha Kiingereza nyumbani kwetu katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, barazani, alasiri, watu wakishatoka kwenye shughuli zao. Ubao nimeuegemeza kwenye ukuta unaotazamana na jiko. Mama yangu hukaa mlangoni mwa jiko na lungo lake mapajani, akichagua maharage. Wanafunzi wanamwita Koko, yaani bibi, na kila anayeingia anampigia goti kidogo kabla hajanisalimu mimi. Kiingereza chake chote ni salamu ya asubuhi, nayo anaitoa hata jua likizama. Tunamcheka, naye anacheka, maharage yanaendelea.

Wanafunzi wangu ni watu wazima. Kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu, mwenye boti ya kwenda Kazimia, aliyekuja kusoma kwa sababu kijitabu cha injini yake kimeandikwa kwa Kiingereza na alikuwa na hakika kwamba fundi anamdanganya. Kulikuwa na mama mmoja mjane, mtu wa Swima, muuza mikeke, wale samaki wembamba wa ziwa letu. Mtoto wake wa kiume alichukuliwa pamoja na mke na watoto kwenda Marekani kutoka kambi ya Tanzania, na wajukuu wamekulia huko. Wakipiga simu wanamwonyesha meno na kupunga mikono, basi. Hawajui Kiswahili, wala Kibembe. Alinijia siku ya kwanza akasema, "Madame, nataka tu nibaulize kama balikula. Mengine Mungu atajua." Nilimpenda tangu siku hiyo, na nasema wazi, nilimpendelea.

Mikeke yake ilijulikana. Wengine hupasua samaki mgongoni na kumlaza wazi juu ya moshi. Yeye alimkunja, mkia ukaingia mdomoni, kisha akambana kwa njiti nyembamba ya mchikichi. Alifundishwa na mama yake Swima, na hapa Baraka sijamwona mwingine anayefanya hivyo. Mara kwa mara alituletea wawili watatu katika bakuli lililofunikwa, na mama yangu akalirudisha na maharage. Huku kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata kama ni chumvi kidogo, hata kama ni ndimu moja, utaweka. Kurudisha bakuli tupu ni kumwambia mtu kwamba mmemalizana.

Basi ziwa likafungwa. Siku hizi hufungwa kila mwaka kwa muda ili samaki wapumue na kuzaa, na akilini mwangu naona ni jambo zuri. Lakini tumbo halifungwi. Wavuvi wanajua vijia vyao, askari wanajua vijia vya wavuvi, na katikati yao mji mzima unanuka samaki wa kukaanga wakati kila mtu anaapa kwamba anakula sombe, majani ya mihogo tu. Ni msimu wa kutazamana. Jirani akikohoa unajiuliza anamwashiria nani.

Ni katika msimu huo mimi, kwa akili zangu, nikafundisha ukurasa wa kuvunja sheria.

Darasa langu lina kanuni moja. Kila mtu atunge sentensi inayoanza na mimi, aiseme kwa Kiingereza, halafu aieleze kwa Kiswahili ili wote washike. Kanuni hiyo ilikuwa imefaa kwa mambo ya kula, kulala na kusafiri. Kwa mambo ya sheria iligoma. Huku hatusemi mimi tunapotaja kosa. Tunasema bantu banasema, nilisikia, kuko muntu moja. Mzee wa boti alisimama akasema kwa Kiswahili, "Kuko muntu moja, mi simujue, alipinda sheria."

"Alifanya nini, Baba?" nikamuuliza.

"Mi simujue, Madame. Nitajua namna gani kile alifanya?"

Tukacheka mpaka mama yangu akamwaga maharage. Nikawakazania. Nikawaambia Kiingereza kinataka mtendaji, hakuna kujificha nyuma ya bantu, na hapa ni nyumbani, tuko wenyewe. Mama wa mikeke ndiye aliyenihurumia. Akasimama, akashika kitambaa chake kichwani, akasema sentensi yake polepole kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko siku zote. Kisha akaeleza: "Mi niko natembea juu ya barafu nyembamba. Samaki yangu naiwekaka chini, mu mufuko ya bunga ya mihogo. Napandisha nayo Fizi siku ya soko. Bakifungua, banaona bunga." Darasa likampigia makofi. Mimi pia nilipiga.

Nilipogeuka kuandika sentensi yake ubaoni, nilimwona mwanafunzi mpya kwenye kona akimtazama bila kucheka.

Huyo alikuwa amejiunga wiki ile ile ziwa lilipofungwa. Kwangu hilo lilitosha. Alijitambulisha kuwa mkimbizi kutoka Burundi, mkulima, anakaa na wenzake upande wa mashamba, kanisani anaimba. Lakini Kiswahili chake kilikuwa safi mno, cha redioni, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi na mistari miwili mikononi. Mkulima gani ana mistari mikononi? Alifika kabla ya wote na kukaa mahali anapoona mlango. Alipenda kuuliza wapi. Bariera iko wapi siku hizi, askari wa ziwa wanalala upande gani, soko la Fizi linaingiliwa na njia ipi. Na sentensi zake hazikuwa na kitu. Wengine walipotoa mambo yao, yeye alisema, "Mimi sijawahi kukamatwa na mikono myekundu," akaketi. Mtu anayesikiliza sana na kutoa kidogo namjua. Tumekua nao hapa, wa kila sare na wa bila sare.

Siku ya soko mama wa mikeke alipanda kwenda Fizi kwenye lori, pamoja na akina mama wengine wenye mifuko. Pale bariera askari hawakupekua. Hilo ndilo alilonieleza baadaye, akilirudia mpaka nikaona ametokwa na machozi: hawakupekua. Walipita mifuko ya watu wote, wakafika kwenye wa kwake, wakauchoma kisu chini kabisa, upande wa samaki, sio juu penye unga. Wakachukua yote. Yeye akalazwa kasho, yaani mahabusu, pamoja na wezi wa mbuzi. Ule mzigo ndio ulikuwa biashara yake nzima. Alinunua samaki kwa samaki wa jana, akauza akanunua tena, na sasa mnyororo umekatika.

Aliporudi darasani hakuketi. Alisimama mbele ya ubao akatutazama mmoja mmoja.

"Nilisema maneno hapa tu," akasema. "Hata dada yangu sikumwambia. Kikulacho ki nguoni mwako. Mumoja wenu aliniuza."

Hakuna aliyemtazama Mrundi, na kwa namna hiyo wote tulimtazama. Mzee wa boti alianza kukohoa. Mama yangu akaacha kuchagua, akasema kwa sauti ya huruma kabisa, "Pole, mwanangu. Dunia imeharibika. Bageni banakuya na sura ya kanisa." Nilimshukuru mama moyoni kwa kusema nilichokuwa nacho mdomoni.

Nilimzuia yule bwana wenzake walipotoka. Nina hasira za karibu, kila mtu Baraka anajua, na siku ile sikuzizuia. Nilimuuliza anafanyia nani kazi. Nilimuuliza shati lake linapigwa pasi na nani. Nilimuuliza kwa nini kila siku wapi, wapi, wapi. Alinisikiliza akiwa amesimama, kitabu kifuani.

"Mwalimu," akasema, "shati hili nilipewa kambini Tanzania, ni moja tu. Nalilaza chini ya godoro usiku. Nauliza askari wako wapi ili nisipite hapo. Mimi sina karatasi zilizokamilika. Nilipomsikia yule mama anasema siri yake mbele yetu, nilishtuka. Nilidhani ninyi mnanitega, mwone kama nitakwenda kusema."

"Sisi tukutege wewe?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nawaogopa ninyi, Mwalimu."

Akaondoka. Sikumwamini. Niliona ni maneno yaliyopangwa vizuri, kama shati. Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata, na darasa likapumua. Tulizungumza kwa sauti tena. Mzee wa boti, kwa furaha ya kuona mchongezi ameondoka, alitoa hatimaye sentensi yake yenye mimi. Alisema yeye anapinda sheria: nyavu za ndugu zake amezificha kwenye kibanda cha kukamulia mawese, nyuma ya mapipa. Alijivunia sana Kiingereza chake. Mama wa mikeke, aliyekuwa bado anakuja kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda alasiri, alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Kabla wiki haijaisha askari waliingia kwenye kibanda cha mawese. Hawakugusa mapipa ya mbele. Walikwenda nyuma.

Hapo ndipo usingizi wangu ulipoharibika. Mrundi hakuwapo. Tulikuwa wachache barazani, na kila mmoja namjua mpaka ukoo wake. Nilianza kuwapekua mmoja mmoja kichwani. Je, mzee alijiuza mwenyewe ili asishukiwe? Je, mama wa mikeke aliachiliwa kasho kwa ahadi fulani? Niliwaza hata hilo, juu ya mwanamke aliyetaka tu kuuliza wajukuu kama wamekula. Niliwatazama wakiandika na nikahesabu nani ananyanyua macho. Niliacha kufundisha ukurasa ule. Tukarudi kwenye majina ya matunda, na bado nilijiuliza nani atayatumia vipi.

Ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wetu, ni mvuvi. Ziwa lilipofungwa hakuacha kwenda. Alitoka na kurudi, akapita mbele ya askari mchana kweupe na karai kichwani, nao wakamsalimu. Sisi tulisema ana nyota. Mama alisema ni maombi yake.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni mapema kuliko kawaida. Mama alikuwa amekwenda kuoga ziwani na akina mama wenzake. Nilikuwa na njaa, nikaingia jikoni kufunua vyombo. Juu ya rafu, nyuma ya sufuria kubwa, kulikuwa na bakuli la bati jeupe, limefunikwa kwa sahani. Halikuwa letu. Letu tunalitia alama ya rangi ya kucha, nukta nyekundu chini ya kitako, maana msibani vyombo vinachanganyika na kila mama anatafuta vyake. Nikaligeuza kidogo nione ni la nani. Alama yake ilikuwa ya kijani, rangi nzito ya mafuta, imepakwa kwa haraka.

Rangi ile niliijua. Mke wa komanda wa askari wa ziwa si mtu wa huku, na alipofika hakuwa na rangi ya kucha, akachukua iliyobaki walipopaka boti ya doria. Kwenye msiba wa jirani nilikuwa mmoja wa walioosha vyombo, na tulimtania sana, tukisema masufuria yake nayo yatatupiga risasi. Mji mzima hakuna mwingine mwenye alama ile.

Nikafunua sahani. Ndani kulikuwa na mikeke mitatu ya moshi, imekunjwa, mkia mdomoni, imebanwa kwa njiti ya mchikichi.

Nilikaa chini pale pale kwenye kigoda cha mama. Mbele yangu, mlangoni, lungo lake lilikuwa limeegemea ukuta, na kutoka pale alipokaa kila siku niliona ubao wangu wote. Ningeweza kusoma hata maandishi yaliyofutwa. Hajui Kiingereza, lakini mimi ndiye niliyeweka kanuni kwamba kila kitu kielezwe kwa Kiswahili.

Aliporudi na nywele mbichi, nilikuwa nimeweka bakuli juu ya meza, wazi. Alilitazama, akatundika kitenge chake kwenye kamba kwanza.

"Hii inatoka wapi, Mama?"

"Kwa jirani. Nilimupelekeaka maharage, naye anarudisha. We hujui namna ya kurudisha chombo?"

"Mama. Hii ni mikeke ya mwanafunzi wangu."

Akavuta kigoda kingine akaketi, akaanza kusugua magoti yake kama afanyavyo akichoka. Sikuona aibu usoni mwake. Niliitafuta, nikakosa, na hilo ndilo lililonikata zaidi.

"We ulifundisha maneno ya jicho," akasema. "Ile banageuzia muntu jicho ya kipofu, haone kosa yake. Nilisikiliza muzuri. Unafikiri hiyo jicho banaifumbaka bure? Ndugu yako anapita pale kila siku na samaki ku kichwa. Ulifikiri ni juu ya sura yake muzuri?"

"Ulisema ni maombi."

"Niliomba pia."

"Yule mama amelala kasho. Amepoteza kila kitu. Na ukamwambia pole."

"Nilikuwa na pole naye. Ya kweli. Lakini ye iko muntu ya inje. Mutoto ni wangu." Akasukuma bakuli kuelekea kwangu. "Kula. Ukikosa kula, samaki haitarudi mu mayi."

Sikula. Nilitia mikeke ile katika kikapu na kuondoka nayo mbele ya macho yake.

Mama wa mikeke nilimkuta uani kwake, anatwanga. Alipofunua kikapu alimtambua samaki wake kabla hajamgusa. Alitoa njiti moja, akaizungusha vidoleni, akaniuliza imetoka wapi. Njiani kote nilikuwa nimepanga maneno ya kikwetu: bantu banasema, kuko muntu moja, nimeokota mahali. Nilipofungua mdomo yalikataa kutoka.

"Nimeitoa jikoni kwetu," nikasema. "Mama yangu ndiye aliyekuuza."

Hakulia, wala hakunitukana. Aliendelea kuzungusha njiti. "Koko," akasema taratibu, kama anayejaribu jina jipya. Baadaye akaniambia atakuja kusoma, lakini kwetu hapana. Tusomee kwake.

Nilirudi nyumbani, nikalisugua lile bakuli kwa majivu mpaka likang'aa, nikalifunika kwa sahani yake na kulibeba mpaka kwa mke wa komanda. Alinipokea kwa tabasamu, kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Lakini alihisi wepesi wake. Akafunua, akatazama ndani, akanitazama mimi. Nikamuaga, nikaondoka.

Jicho lilifumbuka haraka. Ndugu yangu alikamatwa wiki ile ile, mchana, pale pale alipozoea kusalimiwa, wavu wake ukachomwa ufukweni huku watu wanatazama. Alitoka kasho amekonda, na hajui mpaka leo kwa nini nyota yake ilizimika. Anasema kuna mtu. Anaapa atamjua. Mama hajamwambia, na mimi sijui kama ni kwa ajili yangu au kwa ajili yake mwenyewe.

Yule Mrundi nilimfuata mpaka mashambani kumwomba radhi. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa mahindi, na darasani hakurudi.

Sasa tunasomea uani kwa mama wa mikeke, ambaye anaanza upya na kikapu kidogo, ziwa likiwa limefunguliwa. Majuzi aliwauliza wajukuu kwa simu kama wamekula, wakamjibu wote kwa pamoja, naye akanigeukia ili nimweleze walichosema kwa sababu walisema haraka mno. Walisema ndiyo.

Mimi bado nakaa na mama. Ananipikia, ananibakizia. Lakini akiwa jikoni anazungumza na ndugu yangu, na nikaingia, sauti inashuka. Jana nilisimama mlangoni, mahali pake pa lungo, nikamsikia anamwambia, "Acha kwanza. Dada yako amefika."